Nyumba ya vyumba 6 Mbagala: makadirio ya matengenezo milioni 11, kodi 360,000 kwa mwezi. Tuanzie wapi?

#1 UrithiWaUani

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri wa wenye kuijua kazi.

Nyumba iko Mbagala, Dar es Salaam, tofali za saruji za inchi 6, vyumba 6 na korido katikati, vitatu huku na vitatu huku. Kila chumba 60,000, wapangaji wanalipa kwa miezi 6. Kwa sasa chumba kimoja kiko wazi kwa sababu kinavuja. Kwa kawaida wanaishi watu kama 15. Choo na bafu viko uani, vyote vinaingia kwenye shimo moja lenye upana wa mita 2 na kina cha mita 3. Gari la maji taka linakuja kila baada ya wiki 3, na safari moja ni 100,000 inayotoka kwa mwenye nyumba. Nyumba ni ya familia.

Fundi ameandika hivi:

Kuezua na kuezeka upya paa lote: 4,800,000
Kubandua lipu, kupiga upya na rangi vyumba vyote: 2,100,000
Shimo jipya la choo: 1,900,000
Dari mpya: 1,250,000
Waya za umeme upya: 950,000

Jumla 11,000,000. Akiba iliyopo ni 1,400,000. Masika hayako mbali. Kipi kianze, kipi kisubiri, na je, inawezekana bila kuiweka nyumba rehani?

#2 KenchiNaPapi

Mkuu, makadirio hayo yana kasoro moja kubwa: kila kitu ni "upya". Hakuna mahali fundi ameandika bati ngapi zimeoza, papi (mbao za kupigilia bati) ngapi zimelika, wala maji yanaingilia wapi. Huo ni ukaguzi ambao haujafanyika.

Kagua paa hivi. Mchana jua likiwa kali, zima umeme kwenye meni swichi, panda darini, acha giza, tazama juu. Kila kitone cha mwanga ni tundu. Mtu akiwa na chaki aweke alama kwenye papi iliyo karibu. Baadaye mwagia maji kwa mpira ukianzia chini ya paa kupanda juu, sehemu kwa sehemu, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, na mtu akae darini. Ukianza kumwagia juu kwenye kofia (bati la kileleni), maji yatateremka kila mahali na hutajua tundu ni lipi. Na usiamini doa la darini: maji yakishaingia hufuata papi na kenchi (mbao zinazobeba paa) kushuka, hivyo tundu mara nyingi liko juu zaidi ya pale doa lilipo.

Sababu za kawaida kwenye nyumba za aina hiyo:

Msumari. Mpira wa chini ya mwavuli wa msumari ukikauka kwa jua hupasuka, na bati likipanuka na kusinyaa kila siku tundu linaongezeka. Hapo bati ni zima, dawa ni kung'oa msumari na kuweka skrubu ya bati yenye mpira mpya. Ipige juu ya mgongo wa bati. Msumari uliopigwa bondeni huvuja hata ukiwa mpya, kwa sababu maji yote yanapita hapo.

Mlalo wa bati juu ya bati. Ubavuni unatakiwa mgongo mmoja na nusu. Kwa urefu, sentimita 15 kwenye paa lenye mwinuko mzuri, 20 hadi 25 kwenye paa lililolala. Ukiwa mfupi, maji hunyonywa juu katikati ya bati mbili, yanakaa, kutu inaanzia ndani usikoiona. Na mlalo wa ubavuni uangalie mbali na upepo wa kusi, maana mvua ya masika inasukumwa kutoka huko.

Papi. Ukibonyeza kwa bisibisi ikazama, imeoza, na hakuna skrubu itakayoshika. Bati la geji (kipimo cha unene) 30 lisipewe nafasi ya zaidi ya sentimita 90 kati ya papi na papi. Likipewa zaidi linabonyea fundi akikanyaga, na pale lilipobonyea maji yanatuama.

Kwa vipimo hivyo nyumba itakuwa kama mita 10 kwa 8. Ukiongeza michirizi ya sentimita 60 kila upande, paa lote la migongo miwili linataka bati kama 60 za mita 3: safu 2 za bati 15 kila upande. Kwa hiyo kabla ya kulipa 4,800,000, tuambie: kati ya hizo 60, mbovu ni ngapi? Na tazama geji iliyopo. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, geji 32 ni jembamba kuliko 28. Ukichanganya bati jipya la migongo tofauti na la zamani, mlalo hautakaa.

Silikoni juu ya bati lenye kutu usipoteze hela. Inashikana na kutu, kutu inabanduka, nayo inabanduka pamoja nayo.

#3 ChembaSafi

Mimi nitajibu shimo tu, maana humo ndimo pesa ya familia inakomwagikia.

Safari ya gari kila wiki 3 ni safari 17 kwa mwaka. 1,700,000. Kodi ya vyumba vyote 6 vikiwa vimejaa ni 4,320,000 kwa mwaka. Karibu asilimia 40 ya kodi inapakiwa kwenye gari la maji taka, na fundi amelitaja shimo katikati ya orodha kama jambo la kawaida.

Hesabu ya shimo lenyewe. Upana mita 2, kina mita 3, linabeba kama lita 9,400. Watu 15 kwa lita 65 hadi 70 kila mmoja, kuoga, kufua na choo pamoja, ni kama lita 1,000 kwa siku. Kama shimo lingekuwa limeziba kabisa, lingejaa kwa siku 9 au 10. Linachukua siku 21. Maana yake ziliingia lita 21,000, zikabaki 9,400, na 11,600 zilinywewa na ardhi: kama lita 550 kwa siku. Shimo halijafa. Limezidiwa.

Sasa katika hizo lita 1,000, maji ya choo cha kumwagia kwa kopo ni sehemu ndogo, kama theluthi. Theluthi mbili ni ya kuoga na kufua. Ukiyatoa hayo, shimo la choo linabaki na lita 330 hivi kwa siku, na ardhi inaweza kunywa 550. Wakati wa masika maji ya ardhini yakipanda uwezo huo unapungua, kwa hiyo sikuahidi kwamba gari halitaonekana tena. Lakini kutoka kila wiki 3 hadi mara moja moja kwa mwaka ni jambo la kutegemewa.

Kwa hiyo usichimbe shimo jipya la choo la 1,900,000. Chimba shimo la maji ya kuoga na kufua:

Kwanza jaribu udongo. Chimba hadi mita 1, kisha ndani yake tundu dogo la sentimita 30. Jaza maji, acha yanywewe, jaza tena, weka kijiti chenye alama, angalia saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 chini ya nusu saa, udongo unafaa. Yakizidi saa nzima, ni mfinyanzi, acha hapo utafute njia nyingine kabla hujapoteza hela.

Shimo: upana mita 1.5, kina mita 2. Chini yake maji ya ardhini yawe mbali angalau mita 1.5. Kama jirani ana kisima, kaa mbali mita 30. Jengea tofali 90 hivi za inchi 6, na viungo vya wima uviache wazi bila udongo wa saruji, ndimo maji yanamotokea. Mafundi wengi huziba viungo vyote kwa mazoea, wakishamaliza wamekujengea tangi.

Mfuniko: zege la sentimita 10, upana mita 1.8, nondo za mm 10 kila sentimita 15 pande zote mbili. Ni nondo 3 za mita 12 na mifuko 2 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Umwage vipande vitatu pembeni, maana kipande kimoja kitakuwa na zaidi ya kilo 600 na hakiinuliki. Mwagia maji siku 7 mfululizo, usikipandishe kabla ya wiki 2.

Kabla maji hayajaingia shimoni yapite kwenye chemba ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60, bomba la kutokea liwe na tii (kiungo cha umbo la T) inayoshuka chini ya uso wa maji. Mafuta, nywele na povu la sabuni vinabaki juu, unaviondoa kwa kopo kila wiki 2. Bila chemba hiyo, shimo jipya litaziba kwa njia ileile ya la zamani.

Na hili nalisema kwa uzito: mtu yeyote asiingie kwenye shimo la choo lililotumika, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo inaua anayeingia, na anayemfuata kumwokoa hufa juu yake. Kiberiti au mshumaa si kipimo cha usalama, hewa hiyo inaweza kulipuka.

#4 KodiMpya

Pandisha kodi hadi 80,000, mkuu. 20,000 mara vyumba 6 ni 120,000 kwa mwezi. Mwaka mmoja una 1,440,000.

#5 HesabuZaPango

#4, hiyo 80,000 italipwa na nani kwenye nyumba inayovuja na choo kinachofurika? Mpangaji akiongezewa 20,000 atatafuta dalali, na chumba kimoja kikikaa wazi miezi 3 kimekula 180,000. Vikikaa viwili, nyongeza yote ya vyumba vinne vilivyobaki haifikii pengo: unapata 80,000 kwa mwezi, unakosa 120,000. Tena huwezi kuongeza katikati ya mkataba ambao mtu ameshalipia.

Kodi hupandishwa baada ya kazi, na hata hapo usiitegemee kurudisha pesa. Nyongeza ya 10,000 kwa vyumba 6 ni 60,000. Kazi ya milioni 3 itarudi kwa miezi 50. Kinachorudisha pesa haraka ni chumba kuacha kukaa wazi na gari la maji taka kuacha kuja.

Sasa mkopo, maana najua ndiko mnakoelekea. Tuseme milioni 3, asilimia 3 kwa mwezi, miezi 12. Wakikukokotolea riba kwenye mkopo wote wa awali kila mwezi, unalipa 340,000 kwa mwezi, riba jumla 1,080,000. Wakikokotoa kwenye salio linalopungua, ni kama 301,400 kwa mwezi na riba kama 617,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya 460,000. Uliza swali hilo kabla ya kusaini, na uombe ratiba ya marejesho kwa maandishi. Halafu ona: 340,000 kati ya kodi ya 360,000, na kodi yenyewe inaingia mara mbili kwa mwaka wakati marejesho ni ya kila mwezi. Hapo ndipo watu hukimbilia kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa) kuziba mwezi mmoja, na nyumba inaanza kuondoka.

Kama ni lazima kukopa, SACCOS au VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) ambako mmoja wa wanafamilia ni mwanachama, kwa kiasi cha kumalizia kazi moja inayookoa pesa. Shimo la ChembaSafi lina sifa hiyo. Dari na rangi hazina. Na kampuni yoyote ya mikopo iwe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

#6 LipuKavu

Nyongeza kwenye ukuta. Milioni 2.1 ya lipu msiitoe mwaka huu hata mkiwa nayo.

Chumvi ikitokea chini ya ukuta hadi usawa wa goti au kiuno, maji yanapanda kutoka ardhini. Ikiwa juu kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), inatoka kwenye paa. Ni magonjwa mawili na fundi ameyapiga lipu moja. Ukipiga lipu mpya juu ya ukuta wenye maji, chumvi itaisukuma na itamwagika unga ndani ya masika mawili. Ukiweka lipu nzito ya kuzuia maji ndani peke yake, maji yatapanda juu zaidi yatafute pa kutokea.

Tazama nje kwanza. Nyumba hizi zikikaa miaka mingi, udongo wa uani hupanda: mchanga wa mafundi, taka, kufagia kuelekea ukutani. Ukikuta udongo wa nje uko sawa na sakafu ya ndani au juu yake, sababu ni hiyo. Ushushwe hadi sentimita 15 chini ya sakafu, pande zote. Ni kazi ya vibarua na toroli. Halafu mfereji wa mvua kwenye michirizi, maana tone la bati likidondoka chini hurusha maji kwenye ukuta kila mvua ikinyesha.

Baadaye pesa ikipatikana, weka kibaraza cha zege cha upana wa sentimita 75 kuzunguka nyumba, unene 7.5, kikiinama nje sentimita 2. Mzunguko wa mita 36 ni kama mita za ujazo 2 za zege, mifuko 10 ya saruji kwa 1:3:6.

Lipu ya zamani bandua mapema, sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi, piga brashi kavu, usioshe kwa maji kwa sababu unairudisha chumvi ndani. Acha ukuta upumue kiangazi chote, miezi 3 au zaidi. Ndipo upige lipu ya 1:4. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo ni ndoo 7 za lita 20 za mchanga. Kwa unene wa milimita 15 mfuko unakupa mita za mraba 9 hivi. Mkiona fundi anaweka ndoo 12 kwa mfuko, anawaandalia unga. Mchanga usiwe wa ufukweni kwa hali yoyote, una chumvi yake tayari.

#7 NdooTano

KenchiNaPapi, napingana nawe kwenye paa. Paa la viraka linalipiwa ufundi mara mbili. Leo bati 15, mwaka kesho 15 nyingine, kila mara jukwaa, kila mara fundi anakanyaga bati zilizobaki na kuzitoboa. Bora wakusanye wafanye mara moja.

#8 KenchiNaPapi

Hoja ya kukanyaga ni ya kweli, na ndiyo maana fundi atumie ubao wa kutembelea uliolala juu ya papi mbili au tatu, akanyage penye mstari wa misumari tu. Lakini kusubiri kukusanya milioni 4.8 huku maji yanaingia ni kuharibu kenchi. Bati likioza unabadili bati. Kenchi ikioza unabadili paa. Papi moja yenye maji leo ni kipande cha mbao, baada ya masika mawili ni mbao zote zinazoigusa.

Njia ya katikati: gawa paa kwa upande. Upande mmoja una bati 30. Kama mbovu ni zaidi ya nusu ya upande huo, ezua upande mzima, na zile nzima utakazotoa zitunze kwa kubadilishia za upande wa pili. Kama ni chini ya nusu, badili mbovu tu.

Jambo jingine, kwa wenye nyumba za zamani wanaosoma hapa: kama paa si la bati bali ni yale mabamba ya kijivu yaliyochanganywa na asbesto, msikate, msitoboe, msipige brashi. Vumbi lake linaharibu mapafu. Hilo lina utaratibu wake.

#9 WayaMbiliNukta5

950,000 ya waya upya, uliza kwanza kilichoharibika ni waya au ni viungo. Nyumba za kupanga huungua kwenye soketi: skrubu imelegea, mpangaji ameweka jiko la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye soketi moja. Hiyo ni wati 3,200, karibu ampea 14 kwa volti 230, kwenye soketi ya ampea 13 iliyolegea. Inayeyuka.

Kagua haya: waya wa soketi uwe mm 2.5 na breka ya ampea 20. Taa mm 1.5 na breka ya ampea 10. Ukikuta breka ya 32 kwenye waya wa mm 2.5, kuna mtu alichoka breka kukatika akaweka kubwa. Itolewe siku hiyohiyo, maana sasa kitakachokatika kwanza ni waya ndani ya ukuta. Viungo vya darini vilivyosokotwa na kufungwa solotepu vibadilishwe viwe ndani ya boksi vyenye konekta, hasa hapo paa linapovuja. Wekeni breka ya RCD (inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Nondo ya ethi (inayopeleka umeme uliovuja ardhini) ipimwe kiangazi, wakati udongo umekauka, ndipo udhaifu wake unaonekana.

Waya ikiwa bado laini na ganda halijapasuka, iacheni. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na ifanyike kabla au sambamba na ya paa. Waya uliochubuka ukigusa bati, anayekwenda kuezua ndiye anayepigwa.

#10 MkatabaMkononi

Kwa upande wa sheria, kwa ufupi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inamtaka mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa kwa pamoja, na chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu muda wote wa upangaji. Kwa hiyo paa, shimo na waya za kwenye korido ni vya mwenye nyumba. Kioo alichovunja mpangaji au soketi aliyoiunguza kwa jiko ni vyake.

Mpangaji anaweza kutoa pesa ya matengenezo ikakatwa kwenye kodi. Inasaidia sana pande zote mbili, na inagombanisha sana isipoandikwa. Karatasi iwe na: kazi gani hasa, kiwango cha juu cha pesa, risiti za EFD (mashine ya kodi ya serikali) za vifaa, fundi amechaguliwa na nani, na miezi ambayo kodi itahesabika imelipwa, kwa tarehe. Isainiwe kabla ya kazi, na serikali ya mtaa ishuhudie. Maneno ya "tengeneza tutakata" bila kiwango huishia kwenye marumaru ambazo hakuna aliyeziagiza.

Chumba kikifungwa kwa kazi, mrudishie mpangaji siku zake. 60,000 kwa siku 30 ni 2,000 kwa siku. Akihama siku 6, ongeza siku 6 mwisho wa mkataba wake.

Kuhusu rehani: kama nyumba ni ya urithi, anayeweza kuisainia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si ndugu mkubwa tu. Na kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza inahitajika. Mkopo uliochukuliwa kinyume chake ni kesi ya miaka.

#11 UrithiWaUani

Nawashukuru sana wakuu. Majibu ya ukaguzi:

Bati mbovu ni 14, karibu zote upande wa kusi. Papi 3 zinazama bisibisi. Kenchi zote nzima. Udongo wa nje uko juu ya sakafu kwa nyuma. Chumvi imeishia usawa wa goti. Breka ya soketi ni ya 32. Udongo wa uani, maji yameshuka sentimita 2.5 kwa dakika 11.

Mafundi wapya, kila mmoja na kazi yake: paa kwa bati 14, papi na skrubu upya paa zima 1,050,000. Umeme 280,000. Shimo la kuoga na chemba 720,000. Kushusha udongo na mfereji wa upande mmoja 350,000. Jumla 2,400,000.

Mikataba miwili inaisha Aprili.

#12 HesabuZaPango

Kutoka 11,000,000 hadi 2,400,000, na hakuna kitu cha lazima kilichoachwa.

Akiba 1,400,000 ilipe umeme na paa sasa hivi, 1,330,000. Inabaki 70,000. Chumba kilichokuwa kinavuja kikauke, kipangishwe: miezi 6 ni 360,000. Mikataba miwili ya Aprili ikirudiwa ni 720,000. Jumla 1,150,000 pamoja na kile kilichobaki. Shimo na udongo ni 1,070,000. Mnamaliza bila mkopo, ila wanafamilia wote wakubali kwa maandishi kwamba kodi hiyo haigawanywi. Hapo ndipo mipango ya nyumba za familia huvunjika, kwa hiyo kaeni kikao kabla ya fundi kuanza.

#13 ChembaSafi

Napinga mpangilio kidogo. Ukisubiri Aprili utachimba kwenye maji. Ardhi ikishalowa shimo linabomoka kabla hujafika mita 2. Wafuateni hao wapangaji wawili sasa: anayelipa Februari badala ya Aprili, mwezi mmoja uhesabiwe nusu. Inawagharimu 30,000 kwa kila mmoja, 60,000 jumla. Gari la maji taka mara moja tu ni 100,000. Na chemba mjenge mwanzo, maji yageuzwe siku ileile mfuniko unapokaa.

#14 KenchiNaPapi

Sawa na ChembaSafi. Malipo: vifaa nunueni wenyewe, fundi alipwe ufundi kwa hatua, na sehemu ya kumi ishikiliwe hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe na mtu apande darini kuangalia. Iandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo ili asione kama kadhulumiwa.

#15 UrithiWaUani

Swali la mwisho: dari ya chumba kile imeshuka katikati. Iachwe ilivyo hadi mwakani?

#16 LipuKavu

Kama ni jipsamu na imelowa, ishusheni sasa. Ikiwa na maji ni nzito na itamwangukia mtu akiwa amelala. Ondoeni bamba lote hadi kwenye mbao, msitoboe tundu la kutoa maji mkaiacha. Chumba kinaweza kupangishwa bila dari kwa kodi pungufu kidogo hadi ukuta ukauke, na mkipata nafasi fungeni turubai la nailoni chini ya papi kupunguza joto la bati. Acheni nafasi ya sentimita 5 kati yake na bati ili hewa ipite, la sivyo jasho la bati litadondokea ndani na mtadhani paa bado linavuja.